Ukumbusho wa simu unalia, unazimwa, na mtu haondoki kitini (Lamu)

bint_mkomani
Asalaam alaykum jamaa. Nauliza wenye ujuzi. Kazi yangu ni ya hesabu kwenye kompyuta, saa 2 asubuhi hadi saa 10 na nusu jioni, hapa hapa Mkomani. Nikitoka mwili haujafanya lolote lakini kichwa hakitaki kusikia neno. Nataka simu inisukume nitembee kidogo kabla ya Magharibi.

Nimeweka ukumbusho wa aina mbili, wote wa saa 11 jioni, wote umeandikwa "Fanya mazoezi". Mmoja uko kwenye programu ya mazoezi niliyopakua, na siku nyingi haulii kabisa. Wa pili uko kwenye saa ya simu, nao unalia usiku watu wamelala. Hata ukilia nikiwa macho, kidole kinauzima kabla sijausoma. Simu ni Android ya bei ya kawaida, na muda mwingi iko ndani ya mkoba.

Naomba maelezo kamili, si "jitahidi dada". Hiyo nimeshaambiwa nyumbani.

kocha_langoni
Wa alaykum salaam dada. Simu waachie mafundi, mimi naanza na kichwa, maana ukumbusho uliotungwa vibaya hata ukilia dakika yake hauna faida.

Uchovu wa akili hauli nguvu za miguu. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walichapisha jaribio moja zuri: watu walipewa dakika 90 za kazi ya kompyuta inayotaka umakini, kisha wakaendesha baiskeli ya mazoezi mpaka washindwe. Siku waliyochoshwa akili walishindwa baada ya wastani wa sekunde 640. Siku watu hao hao walipotazama filamu tulivu badala ya kazi ile, walifika 754. Moyo na misuli haikuonyesha sababu ya kushindwa mapema. Kilichobadilika ni namna kazi ilivyowaelemea: tangu mwanzo waliiona nzito kuliko ilivyo.

Sasa angalia ukumbusho wako. "Fanya mazoezi" inakurushia maswali manne kwa mpigo: yapi, wapi, kwa muda gani, na nguo zipi. Kichwa kilichoshinda na hesabu tangu asubuhi kina jibu moja tu kwa yote, nalo ni kesho. Kwa hiyo maamuzi yote yafanywe Jumamosi asubuhi ukiwa na akili safi, na simu ije kukuambia kitendo tu. Andika hivi: "Vaa raba. Shuka ngazi. Elekea pwani. Dakika 10." Maneno hayazidi kumi, na la kwanza ni kitu ambacho mkono unaweza kukifanya papo hapo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika juu ya jambo hili mwaka 1999: mpango wa "ikiwa jambo fulani limetokea, basi nafanya hili" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa sababu tukio lenyewe linakuamsha na huna haja ya kujadiliana na nafsi.

Saa nayo umeikosea. Kazi inaisha saa 10 na nusu, ukumbusho unalia saa 11. Nusu saa hiyo umeshafika nyumbani, umevua viatu, umekaa, pengine chai ya tangawizi iko mezani. Kumwinua mtu aliyekaa ni kazi kubwa kuliko kumgeuza aliyesimama tayari. Uweke saa 10 na dakika 25, bado uko ofisini, raba ziko chini ya meza. Unatoka na kazi, hupiti nyumbani. Hilo moja tu lina uzito kuliko programu zote za mazoezi zilizopo.

Kiasi: dakika 10. Weka kipima muda cha dakika 5, kikilia popote ulipo geuka urudi. Usilenge mahali, lenga dakika, maana Usita wa Mui, njia kuu ya mji, jioni una punda, mikokoteni na salamu, na umbali ule ule unaweza kukuchukua dakika 6 leo na 14 kesho. Kwa mwendo wa kawaida wa haraka mtu hupiga kama hatua 100 kwa dakika, kwa hiyo hizo ni hatua elfu moja hivi. Kipimo cha mwendo: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, kaza.

Usione dakika 10 ni chache. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na iliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Hata dakika 4 za kupanda ngazi za nyumba ya mawe zinaingia, na ngazi zetu za Lamu mnazijua zilivyosimama wima.

Kinachoharibu watu wengi ni siku ya nne au ya tano. Wameona ni rahisi, wanabadilisha ukumbusho uwe dakika 40. Siku ya kwanza yenye kazi nzito wanaruka, ya pili wanaruka, ukumbusho unageuka kero. Maneno ya simu yabaki dakika 10 milele. Ukijisikia kuendelea mpaka Shela, hiyo ni kama kilomita 3, nenda, lakini isiandikwe kwenye ukumbusho.

fundi_wa_mkunguni
Dada, magonjwa ya simu yako ni mawili tofauti, usiyachanganye.

La saa ya simu kulia usiku: uliandika 11 ukimaanisha saa 11 yetu. Simu haijui saa ya Waswahili, hata ukiigeuza lugha iwe Kiswahili nambari zinabaki za kizungu. Saa 11 jioni yetu ni 5:00 ya simu, kwa mtindo wa saa 24 ni 17:00. Ukiandika 11 inalia saa 5, ama ya asubuhi ama ya usiku. Kwa hiyo saa 10 na dakika 25 aliyokupa kocha ni 16:25. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa mtindo wa saa 24, hapo hutababaishwa tena na asubuhi au jioni. Hesabu ni rahisi: saa yetu ya mchana ongeza 6.

La programu kutolia: si bure, ni betri. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu inayokaa bila kuguswa hulaza programu za nyuma ili kuokoa chaji, na simu nyingi za bei ya kawaida, Tecno, Infinix, Xiaomi, zina ulinzi wao wa ziada juu ya huo, mkali zaidi. Programu ikilazwa, ukumbusho wake unachelewa au unapotea. Kuanzia Android 13 programu mpya lazima pia upewe ruhusa ya kutuma arifa. Lile dirisha la kwanza watu hubonyeza "usiruhusu" kwa mazoea halafu wanasahau. Tena programu usiyoifungua miezi kadhaa, simu huiondolea ruhusa na kuisimamisha yenyewe.

Ukitaka kubaki nayo: Mipangilio, Programu, ichague, ingia Arifa uwashe, ingia Betri uchague isiwekewe kizuizi, zima ile swichi ya kusimamisha programu isiyotumika, na kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe uiruhusu. Majina yanatofautiana kwa kila kampuni lakini vitu ni hivyo hivyo vinne. Na ile programu ya "kusafisha simu" inayokuja na simu usiibonyeze kila saa, maana kila ukisafisha unaua na ukumbusho.

Ushauri wangu hata hivyo: achana nayo. Tumia kengele ya saa ya simu. Kengele hailazwi, haihitaji intaneti, na simu ikizimwa ikawashwa inarudi yenyewe. Haiwezi kulia simu ikiwa imezimwa kabisa au imeisha chaji, kwa hiyo ukiona asilimia 10 saa 9 alasiri ichomeke.

Hatua: fungua Saa, Kengele, ongeza 16:25, chagua Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye lebo andika maneno ya kocha. Chagua mlio ambao hauutumii kwa kingine chochote. Kama kengele ya mazoezi inalia kama ujumbe wa WhatsApp, sikio litaichukulia kuwa ni ujumbe. Washa mtetemo. Halafu angalia sauti ya kengele yenyewe: ina mstari wake, mbali na sauti ya simu na ya muziki, na mtu anaweza kuwa amepandisha ile ya muziki hadi juu huku ya kengele iko chini. Mkobani inataka iwe karibu na mwisho. Ukiwasha hali ya "Usinisumbue" kazini, hakikisha kengele zimeruhusiwa kupita.

Jambo dogo linalowaponza wengi: kwenye programu ya Saa ya Google, vitufe vya sauti vya pembeni vinaweza kuwekwa viahirishe au vizime kengele. Ukipapasa mkobani kuitafuta simu, umeshaizima bila kuiona. Ingia mipangilio ya Saa, sehemu ya vitufe vya sauti, uweke vidhibiti sauti tu. Muda wa kuahirisha kwa kawaida ni dakika 10. Upunguze uwe 5, kwa sababu dakika 10 zikipita ni 16:35 na wewe uko njiani kwenda nyumbani.

msomi_barazani
Mchango wa kocha na fundi naukubali, ila kuna kitu hawajakigusa. Ukumbusho unaolia saa ile ile kila siku unakufa. Si uvivu, ni mazoea ya sikio.

Marekani kulikuwa na utafiti wa programu iitwayo HeartSteps, uliochapishwa 2019, wa wiki 6. Simu ilikuwa ikiwatumia watu mapendekezo madogo ya kutembea, yaliyolingana na mahali walipo na hali ya hewa, na watafiti wakahesabu hatua za nusu saa inayofuata. Mwanzoni mapendekezo yaliongeza hatua waziwazi. Wiki zilivyosonga, athari ilififia hadi isionekane. Na yale mapendekezo ya "simama, nyoosha viungo" hayakuonekana kuleta tofauti ya hatua hata kidogo. Saa za mkononi zina tabia hiyo hiyo ya kusumbua: za Fitbit hutetema dakika 10 kabla ya saa kamili kama hujafikisha hatua 250. Wiki ya kwanza unainuka, baadaye unautikisa mkono tu.

Kwa hiyo ningefanya mambo mawili. Kwanza, kengele isilie siku zote tano. Chagua siku tatu zenye kazi nzito, nyingine ziachwe. Pili, kila baada ya wiki mbili badilisha mlio na maneno ya lebo, kitendo kibaki kile kile. Mtu akiweza kuitabiri kengele, anaizima kabla haijamaliza pumzi ya kwanza.

Na jambo la tatu, ambalo kwa mji wetu ndilo bora: ifunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea. Adhana ya Alasiri hapa huingia saa 9 na nusu hivi, na tofauti yake kwa mwaka mzima haifiki saa moja. "Nikimaliza Alasiri, nashuka, nazunguka dakika 10 ndipo narudi mezani." Hakuna betri inayoizuia adhana. Simu iwe akiba ya siku unazoswalia ofisini na kurudi kitini moja kwa moja.

kocha_langoni
@msomi_barazani hapo kwenye siku tatu sikubaliani nawe kwa anayeanza. Mwezi wa kwanza mtu anataka tabia ishike, na siku za kuruka zinaleta swali la "leo ni siku yake au si yake?", ambalo ndilo tunaloliepuka. Mwezi wa kwanza siku zote tano, baada ya hapo punguza kama unavyosema. Kubadilisha mlio nakubali.

Ya Alasiri ni nzuri lakini saa 9 na nusu mwezi wa Februari na Machi, Kaskazi na jua lile, si mchezo. Miezi hiyo upande wenye kivuli, ndani ya vichochoro, sio ukingoni mwa bahari. Na glasi ya maji kabla ya kutoka.

nahodha_mstaafu
Mwanangu, umeambiwa uende pwani kila siku saa ile ile. Bahari haina saa ile ile. Maji husogea kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu maji hujaa jioni, saa 10 na 11 hivi, na hupwa asubuhi saa 4 na 5. Kwa hiyo siku hizo ukitoka kazini kuelekea Shela kwa njia ya chini utakuta sehemu maji yamefika ukutani, na kwa buibui na raba ni tabu tupu. Siku za maji mafu inageuka: jioni ndipo yamepwa, mchanga wa Shela ni mgumu, unakwenda kama uko kwenye sakafu.

Dawa yake: kwenye simu usiandike njia moja. Andika "Pwani. Maji yakijaa, Usita wa Mui." Usikae ukifikiri. Ukitokeza tu unaona maji yako wapi. Ukitaka kujua mapema, tazama mwezi wa Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 ni bamvua.

Na usirudi gizani. Magharibi yetu haichezi sana, ni kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40 mwaka mzima, mapema zaidi ikiwa ni Novemba. Ukitoka saa 10 na nusu una nafasi tele.

muuguzi_kisiwani
Nina machache. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, saa 10 na nusu jioni ni mbali na chakula cha mchana. Pima kabla ya kutoka na uwe na kitu cha sukari mkobani, tende tatu zinatosha kuanzia. Wenye dawa za presha wasiinuke ghafla kitini na kutoka mbio, wasimame kwanza kama dakika moja. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ukiwa unatembea: simama, keti, na uende hospitali, usisubiri kesho.

Tena tutofautishe. Uchovu wa kazi hupungua ukilala au siku ya mapumziko. Uchovu usioondoka hata baada ya kupumzika, wiki mbili na zaidi, pamoja na kukosa usingizi au kutopendezwa na chochote, huo si wa kengele. Unaweza kuwa upungufu wa damu, tezi, au huzuni ya maradhi. Kapime.

bint_mkomani
Ahsanteni sana, nahodha Mungu akuweke. Nimeshaweka 16:25, mlio mpya, vitufe vya pembeni nimevifunga. Yamebaki mawili. Je, naweza kuifanya simu inikumbushe pale ninapotoka ofisini badala ya saa, maana siku za kufunga hesabu za mwezi natoka hata saa 12? Na Ramadhani nifanyeje, kwa sababu saa 10 na nusu hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote?

fundi_wa_mkunguni
La kwanza linawezekana, lakini usitumie ramani ya simu. Ndani ya vichochoro vyetu, kuta ndefu pande zote, simu inakosea mahali ilipo, utakumbushwa ukiwa bado mezani au umeshafika kwenu. Tumia Wi-Fi ya ofisi. Kuna programu ya MacroDroid: unaipa amri kwamba Wi-Fi ya jina fulani ikikatika, kati ya 16:00 na 18:30, itoe sauti na maneno. Ili isome jina la Wi-Fi lazima uiruhusu kuona mahali ulipo na mahali pawe pamewashwa, na kwenye betri iondolewe kizuizi kama nilivyoeleza juu, ama sivyo italazwa kama ile ya kwanza.

Kasoro yake ni stima. Stima ikikatika, Wi-Fi ya ofisi inazimika na simu inadhani umetoka. Ndiyo maana naweka mipaka ya saa. Ongeza pia subira ya dakika 2 kisha ikague tena kama Wi-Fi bado haipo, kwa sababu hata mawimbi dhaifu karibu na ngazi hukatika na kurudi. Kengele ya 16:25 usiifute, iwe ya siku za kawaida. Siku ya kufunga hesabu ndiyo unaizima kwa swichi.

kocha_langoni
Ramadhani chagua moja kati ya mbili. Dakika 20 za mwisho kabla ya Magharibi, mwendo wa pole, ule unaoweza kuimba, ili ukimaliza unafungua na maji yako karibu. Au baada ya tarawehe, mwendo wa kawaida, angalau saa moja baada ya kula. Mchana acha. Kiu na kichwa kilichochoka pamoja vitakufanya uuchukie ukumbusho wenyewe, na Shawwal hutaurudia.

fundi_wa_mkunguni
Na ukiweka ya Ramadhani, usiibadilishe ile ya 16:25. Tengeneza mpya yenye lebo yake, ya zamani uizime tu kwa swichi. Idi ikifika unazima moja unawasha nyingine, bila kuandika upya wala kurudia lile kosa la 11. Kama mnafungua saa 12 na dakika 30, kengele yake ni 18:05.